Udongo haulali: nilichoongea kuhusu vibali vya kuta za kuzuia udongo

Wengi mliokosa kikao mmenisumbua sana nitume nilichoongea, basi nimekaa nikasikiliza rekodi nikaandika kama ilivyotoka mdomoni. Nimekata tu pale spika ilipokuwa inakoroma na pale nilipokuwa naonyesha picha ukutani. Ni ndefu, tafuta pa kukaa.

Haya jamani, tuanze? Walioko nyuma mnanisikia? Sawa.

Mafundi mpo? Wenye viwanja vya mteremko mpo? Na wale ambao mmeshajenga tayari, mmebandikiwa karatasi ya kusimamisha ujenzi ndo mkakumbuka kuja leo, mpo? Msiinue mikono, nawajua kwa sura. Nyinyi sogeeni mbele, nimekuja kwa ajili yenu hasa.

Mimi ni fundi. Nilianza kibarua wa kubeba zege, nikawa fundi mawe, siku hizi nasimamia vijana. Siyo injinia, siyo mtu wa ofisi ya vibali, wala sijatumwa na mtu. Ila niliwahi kubomoa ukuta nilioujenga kwa mikono yangu, kwa nyundo yangu, mteja amesimama pembeni na watoto wake wanachungulia dirishani, na nadhani mtu aliyepitia hayo anastahili kupewa kipaza sauti nusu saa.

Swali mnalonipigia simu ni moja kila siku. "Fundi, kaukuta haka nako kanataka kibali?" Na mnasema kaukuta, hamsemi ukuta, mnakapunguza hapohapo kwenye swali ili jibu liwe hapana. Sasa mimi siwezi kukujibu hivyo kwenye simu, kwa sababu hilo swali lina maswali mengine ndani yake, na ukienda ofisi ya vibali fomu yao inakuuliza hayohayo ila kwa maneno ya kwenye karatasi.

Kwanza tuelewane tunaongelea ukuta gani. Ukuta wa uzio unasimama, upepo ukivuma unausukuma, upepo ukikata unapumzika. Ukuta wa kuzuia udongo haupumziki. Nyuma yake kuna mzigo umeuegemea mchana na usiku, jua na mvua, wewe umelala, fundi ameshalipwa ameondoka, mzigo bado unasukuma. Udongo haulali. Nisaidieni kusema, udongo? (Haulali!) Tena, udongo? (Haulali!) Haya.

Unasukuma kiasi gani? Chukua udongo wa kawaida, mkavu, wa kichanga, ambao mita moja ya ujazo ina uzito wa kama tani 1.8. Ukuta wa mita 1 kwenda juu, kila mita moja ya urefu wake inasukumwa na kama kilo 300. Siyo mbaya, hata mawe yaliyopangwa vizuri yanahimili. Sasa mteja anasema ongeza ufike mita 2. Msukumo utakuwa kilo ngapi? Nasikia 600. Nani mwingine? 600, 600, haya wote 600. Jamani ni kilo 1,200. Umeongeza kimo mara 2, msukumo umeongezeka mara 4. Na ile nguvu ya kuupindua, ya kuulaza kifudifudi, imeongezeka mara 8. Mara nane! Na fundi wako kaongeza nondo mbili na mfuko mmoja wa saruji, anajiona kaweka tahadhari.

Ndo maana watunga sheria karibu kila mahali wamechora mstari kwenye kimo. Chini ya mstari, jenga tu. Juu ya mstari, leta mchoro. Hawajachora mstari kwa sababu wanapenda karatasi, au tuseme siyo kwa sababu hiyo peke yake. Wamechora kwa sababu kuna mahali mazoea ya fundi yanaishia na mahesabu yanaanza.

Sasa hapo kwenye kimo ndipo mimi nilipolia.

Nilikuwa najenga ukuta wa mawe pembeni ya nyumba, mteja mzuri, halipi kwa kusuasua. Sheria ya pale ilikuwa inasema ukuta usiozidi mita 1.2 hauhitaji kibali. Mimi nikapima kutoka ardhini mpaka juu, mita 1.1, nikasema tuko salama, tena nimebakiza sentimita 10 za heshima. Tukajenga siku tisa. Siku ya kumi akaja mkaguzi, dada mmoja mpole, hana maneno mengi, ana buti zenye tope na tepu mkononi. Hakuutazama hata ukuta. Akaniomba sururu. Akachimba mwenyewe kashimo kadogo pale ukuta unapoingia ardhini, akachimba akachimba mpaka sururu ikagonga zege la msingi, akapiga magoti, akaingiza tepu pembeni mpaka ile ndoano ya chuma ikashika chini kabisa ya msingi, akaivuta juu. Akanionyesha bila kusema kitu. Mita 1 na sentimita 62.

Nikamwambia dada, hiyo sentimita 52 iko ardhini haionekani. Akanijibu, "Fundi, sheria haijasema kinachoonekana."

Mnaelewa? Kimo kinapimwa kutoka WAPI? Hilo ndo la kuuliza kabla ya kuuliza kimo chenyewe. Kanuni za mfano za nyumba za kuishi ambazo majimbo na miji mingi ya Marekani wameziiga zinasema kibali hakihitajiki kama ukuta hauzidi futi 4, yaani hiyo mita 1.2, lakini zinapima kutoka chini ya msingi mpaka juu ya ukuta. Chini ya msingi! New Zealand wao wanaangalia kina cha udongo unaozuiwa, kisizidi mita 1.5. Kule Queensland, Australia, ni mita 1 kutoka usawa wa ardhi ya asili, na wanahesabu na kifusi ulichojaza au ulichokata, halafu ukuta usiwe karibu na jengo au ukuta mwingine wa kuzuia udongo kwa chini ya mita 1.5. Na Uingereza kuna sheria ya barabara ya 1980 ambayo inakubana zaidi ukiwa karibu na barabara, ukuta ulio ndani ya mita kama 3.7 kutoka barabarani na unaozidi kama mita 1.4 juu ya usawa wa pale, lazima mchoro uidhinishwe.

Dunia nzima namba tofauti, mahali pa kupimia tofauti. Kwa hiyo ukiambiwa na shemeji yako anayeishi mji mwingine kwamba "mpaka mita moja na nusu haina shida", msikilize kwa adabu, halafu nenda kaulize ofisi ya pale kiwanja kilipo. Na uulize hivi hivi: mnapima kutoka wapi mpaka wapi? Ukiweza wakuandikie.

Kuna ujanja mmoja nausikia sana, na nitausema kwa sauti ili wale wanaoufikiria sasa hivi waone aibu. Ujanja wa ngazi. Mteja ana mteremko wa mita 2, anasema fundi tujenge kuta mbili za mita moja moja, moja hapa, nyingine nyuma kidogo, kila moja iko chini ya mstari, hatuhitaji kibali. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini ule ukuta wa juu umekaa juu ya nini? Umekaa juu ya udongo ambao ule wa chini ndo unaozuia. Kwa hiyo wa chini unabeba udongo wake na mzigo wa mwenzake. Mainjinia wengi wana kanuni ya haraka, kwamba ukuta wa juu ukitaka uhesabike kama unajitegemea, urudi nyuma angalau mara mbili ya kimo cha ule wa chini. Wa chini ni mita 1, wa juu urudi mita 2. Karibu zaidi ya hapo wengi wanazihesabu kama ukuta mmoja mrefu, na ofisi nyingi za vibali nazo zinahesabu hivyohivyo, wameshaona huo ujanja miaka mingi kabla yako.

Twende juu ya ukuta sasa. Kuna neno ambalo ukilielewa hili leo umeshinda, mzigo wa juu, yaani uzito wowote wa ziada unaokaa juu ya ule udongo ulioko nyuma ya ukuta. Zile kanuni za Marekani nilizotaja, ile ruhusa ya futi 4 ina mkia, inasema isipokuwa kama ukuta unabeba mzigo wa ziada. New Zealand hivyohivyo, mita 1.5 ndiyo, ila pasiwe na mzigo wowote zaidi ya udongo wenyewe, na sheria yao inatoa mfano kabisa wa magari. Watu wanasoma namba wanaacha mkia. Namba inakaririka, mkia haukaririki.

Jamaa yangu mmoja, fundi mwenzangu, alijengea mtu ukuta wa sentimita 90. Mfupi, mzuri, hauhitaji kibali popote pale nilipowahi kufanya kazi. Akalipwa akaondoka. Miezi minne mbele mwenye nyumba akaona pale juu pamekuwa tambarare pazuri, akaweka tangi la maji la lita 5,000. Lita 5,000 ni tani 5 jamani, tangi lenyewe hujaliweka kwenye mzani. Na kaliweka ukingoni kabisa, kwa sababu huko ndo bomba lilikuwa karibu. Ukuta haukuanguka kwa kishindo, laiti ungeanguka. Uliinama. Kila wiki kidogo. Yule jamaa aliitwa akaenda na pimamaji yake akaiweka ukutani, kile kitone cha hewa kikakimbilia pembeni kikagoma kurudi. Mwenye nyumba akamwambia umenijengea vibaya. Fundi akasema nilikujengea ukuta wa udongo, sikukujengea ukuta wa tangi. Nani ana haki hapo? Mimi nasema wote wawili walikuwa na haki na wote wawili walipata hasara, kwa sababu hakukuwa na karatasi hata moja inayoonyesha ukuta ule ulipangiwa kubeba nini.

Hiyo ndo faida moja ya kibali ambayo hamuisemi. Mchoro uliopigwa muhuri unaandika: ukuta huu, kimo hiki, juu yake ni bustani. Siku mtu akiweka tangi, akiegesha lori, akijenga kibanda, mchoro unasema mwenyewe nani kavuka. Na mteremko nao ni mzigo, msisahau. Udongo ulioko juu ya ukuta kama unapanda kilima, haukai kimya. Ukuta wa sentimita 90 wenye kilima nyuma siyo ndugu wa ukuta wa sentimita 90 wenye uwanja nyuma.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu kuta nilizoziona zimelala, nyingi hazikulazwa na udongo, zililazwa na maji yaliyojificha ndani ya udongo.

Rudi kwenye ukuta wetu wa mita 2. Tulisema udongo mkavu unausukuma kilo 1,200 kwa kila mita. Mvua inyeshe siku tatu, maji yajae nyuma ya ukuta mpaka juu, hayana pa kutokea. Maji peke yake, kwa mita 2, yanasukuma karibu kilo 2,000. Udongo uliozama unakuwa mwepesi kidogo ndani ya maji, lakini ukijumlisha vyote unapata kama kilo 2,600. Zaidi ya mara mbili! Ukuta uleule, nondo zilezile, hujaongeza hata jiwe juu yake. Mainjinia kawaida wanataka ukuta uwe na uwezo wa kupinga angalau mara 1.5 ya nguvu inayousukuma. Mara moja na nusu. Maji yamekuletea mara mbili na zaidi, hiyo akiba yako imekwisha na deni juu.

Kwa hiyo mtu wa vibali akiuliza maji yatapita wapi, anakuuliza roho ya ukuta iko wapi. Na kwenye mchoro anataka aone: kokoto nyuma ya ukuta, siyo kifusi kilichobaki site kimerudishwa na toroli. Kitambaa cha kuchuja kati ya kokoto na udongo ili tope lisizibe. Bomba lenye matundu chini kabisa, lenye mwinamo, na mdomo wake unatokea mahali halali, siyo kwa jirani. Na matundu ya kupumulia kwenye uso wa ukuta.

Hayo matundu. Jamani hayo matundu! Nilijenga ukuta, wa kibali huo, umekaguliwa kila hatua, najivunia mpaka leo. Matundu yamepangwa mstari mmoja kama vifungo vya shati. Mwaka uliofuata mwenye nyumba akaleta fundi rangi. Fundi rangi akaona matundu yana michirizi ya tope chini yake, yanachafua uso, akayaziba yote kwa plasta, akalainisha, akapaka rangi mara mbili. Kazi safi kweli, huwezi kujua palikuwa na tundu. Nilipita pale nikaona ukuta umependeza nikaogopa. Nikamwita mwenye nyumba nikamwambia leta drili. Akasema unaniharibia rangi. Nikamwambia leta drili. Tulipotoboa tundu la kwanza, maji yalitoka kama bomba lililopasuka, yakanilowesha kifua chote, na ilikuwa siku ya jua kali, mvua ya mwisho ilishapita siku nyingi.

Mnadhani ni mambo ya fundi rangi tu? Hong Kong ni mji wa vilima, wanaishi na kuta hizi kuliko karibu watu wote. Tarehe 18 Juni 1972, baada ya mvua kubwa, miteremko miwili iliporomoka siku moja, Sau Mau Ping wakafa watu 71, Po Shan Road wakafa 67. 1976 Sau Mau Ping ikaporomoka tena, wakafa 18, na 1977 serikali ikaanzisha ofisi maalumu ya kusimamia miteremko na kuta. Mnaona ofisi ya vibali inavyozaliwa? Haizaliwi kwenye meza. Na hata baada ya hapo, Julai 1994, ukuta wa zamani wa mawe chini ya majengo ya Kwun Lung Lau ukaanguka, watu 5 wakafa. Walipochunguza wakakuta mambo mawili. Moja, mifereji iliyofukiwa nyuma ya ukuta ilikuwa inavuja, imeulowesha udongo kwa ndani mahali ambapo hakuna anayeona. Pili, ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko walivyoudhania. Kwa nje unaona mawe mazito, unasema huu ni ngome. Ndani ni ganda.

Kwa hiyo mkaguzi akikwambia usifukie kabla sijaja, usifukie. Najua lori la kifusi limekuja, najua vibarua wamekaa wanakula siku yako bure, najua. Usifukie. Kilichoko nyuma ya ukuta kinaonekana siku moja tu kwenye maisha yake yote, ndiyo hiyo siku.

Na chini ya ukuta kuna nini? Kwenye hili nitapita haraka maana mnalijua, ila hamlifanyi. Mpaka. Watu wanapima uso wa ukuta, uso uko ndani ya kiwanja, safi. Lakini msingi wa ukuta huu ni mpana, mara nyingi upana wake unafika nusu mpaka theluthi mbili ya kimo, una kidole kinaenda mbele na kisigino kinarudi nyuma. Kidole kikiingia kwa jirani sentimita 30 chini ya ardhi, umejenga kwa jirani, hata kama hakioni. Ita mpima ardhi afufue bikoni kabla ya kuchimba, siyo baada. Na ukichimba karibu na nyumba ya mtu mpe taarifa. Uingereza na Wales wana sheria ya 1996 kabisa, ukichimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani na kwenda chini kuliko msingi wake, lazima umwandikie angalau mwezi mmoja kabla. Kwako hata kama hakuna sheria ya namna hiyo, mdomo unao.

Na anayepita chini je? New York, Mei 2005, ukuta wa zamani wenye kimo cha kama mita 23 pale Castle Village ulimwaga mawe na udongo mpaka barabara kuu ya Henry Hudson Parkway. Hakufa mtu, na ukiangalia magari yanayopita pale unashangaa. Mji ule ukatunga sheria 2008, wenye kuta za kuzuia udongo zenye futi 10 na zaidi, kama mita 3, zinazotazama njia ya umma, lazima wazikaguze kila miaka 5. Yaani kibali cha kujenga kilionekana hakitoshi, wakaongeza ukaguzi wa uzeeni. Mimi sheria hiyo naipenda. Ukuta unazeeka kama sisi, tofauti ni kwamba hausemi mgongo unaniuma.

Haya, makaratasi. Nenda na ramani ya kiwanja yenye mipaka na nyumba zilizopo. Nenda na mchoro wa ukuta uliokatwa kwa ubavu, unaonyesha msingi, nondo, kokoto, bomba, na usawa wa ardhi mbele na nyuma. Ukivuka mstari wa kimo au una mzigo wa juu, mahesabu ya injinia yenye sahihi yake, na sehemu nyingine wataomba ripoti ya udongo. Udongo wa mfinyanzi unaovimba siyo sawa na mchanga, usishangae wakikwambia kachimbe shimo kwanza waone. Uliza mabomba na nyaya zilizopita chini kabla sururu haijazipata. Halafu uliza ukaguzi uko mara ngapi. Kawaida watakuja msingi umechimbwa na nondo zimelala kabla ya zege, watakuja kabla ya kufukia, na mwisho.

Watachelewa? Ndiyo, wanachelewa. Nimeshawahi kusubiri mpaka mteja akakata simu zangu. Sitawatetea kwa hilo, ofisi inayochelewesha kibali cha ukuta msimu wa mvua inawafundisha watu kujenga usiku, na niliwaambia hivyo usoni. Lakini kujenga usiku hakuubadilishi udongo. Na hata ukiwa chini ya mstari, huna haja ya kibali, bado una haja ya kokoto na bomba. Kusamehewa fomu siyo kusamehewa maji.

Sasa nyinyi wa mbele, wenye karatasi za kusimamisha. Nimalizie ile ya kwangu maana niliikata. Yule dada wa tepu hakusema bomoa. Alisema leta mchoro na mahesabu, tutaona kama unaweza kubaki. Nikatafuta injinia. Injinia akaja akauliza msingi una upana gani, nikamwambia. Nondo gani? Hakuna, ni mawe. Nyuma umejaza nini? Kifusi. Bomba? Nikanyamaza. Akasema sawa, siwezi kusaini kitu ambacho siwezi kukiona, fukua. Tukafukua nyuma yote, urefu mzima wa ukuta, siku sita, kwa mikono, maana mashine isingepita pale pembeni ya nyumba. Tulipofika chini tukakuta maji yamesimama kwenye kifusi, na kulikuwa hakujanyesha mvua ya maana tangu tuanze. Injinia akakaa kwenye ukingo wa shimo akatazama maji, akanitazama, akafunga daftari lake.

Nyundo nilienda kuichukua mwenyewe, kijana wangu alitaka kunisaidia nikakataa. Mawe tuliyatumia tena, ukuta wa pili ukasimama na mchoro wake, na dada wa tepu alikuja mara tatu. Mara ya tatu alileta maji kwenye ndoo akamwaga juu, kwenye udongo nyuma ya ukuta, akaenda kusimama chini kwenye mdomo wa bomba akasubiri. Sote tukasubiri naye. Yakatoka.

Haya, maswali. Mama uliyekaa karibu na mlango, umenyoosha simu tangu naongelea matundu, picha naiona mpaka hapa. Huo ufa umeanzia chini au juu? Na juu ya huo ukuta kuna nini? Hebu ilete hiyo simu mbele.